Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi



Wazee wetu wa Pwani wana methali isemayo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi twaujua sote tuliokulia chini ya misufi: ni mweupe, ni laini, na kanda lililojaa usufi hata mtoto mdogo huliinua kwa mkono mmoja. Ndivyo uonekanavyo mzigo ukiwa kichwani pa mtu mwingine. Twautazama kwa mbali, twauona weupe wake, nasi twasema: si kitu. Lakini aliyeuchukua ndiye ajuaye jinsi shingo inavyomwuma.

Katika siku hizi za Majilio twataka kuitumia methali hiyo kwa jambo ambalo wengi wetu hatukuzoea kulifikiri, nalo ni theluji. Huenda msomaji akacheka. Mtu wa Dutumi, katika nchi hii ya Kibaha na Kisarawe, ana habari gani na theluji? Mwezi wa Desemba huku kwetu jua lachoma, bati la nyumba halishikiki kwa mkono, na usiku watu hukaa barazani mpaka saa tano wakingoja chumba kipoe. Neno lenyewe la theluji tulilipata kwa Waarabu, maana wazee wetu wa mwambao hawakuwa na kitu cha kukiita hivyo.

Hata hivyo theluji imekwisha kuingia nyumbani mwetu. Imeingia kwa njia ya simu. Siku hizi familia nyingi za Kikatoliki, mijini na mashambani, zina mwana au binti aliyeko Ulaya, Marekani au Kanada kwa masomo au kwa kazi. Basi kila mwisho wa mwaka hufika picha. Kijana amesimama mbele ya nyumba, nyuma yake miti ni myeupe, magari yamefunikwa kwa weupe, naye anacheka. Mama huipeleka picha ile kwa jirani, jirani huiita jamaa yake, na wote husema: "Tazama, mtoto wetu amefika penye neema!" Kumbe wametazama kanda la usufi.

Theluji katika Nchi Yetu na katika Maandiko

Tusidhani kwamba theluji ni kitu kigeni kabisa kwa Tanzania. Mwenyezi Mungu ameiweka juu ya Kibo, karibu na ikweta, ili hata sisi wa nchi za joto tuitazame. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona kwa mbali weupe wa kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wake wa safari hakuwa na jina la kitu kile, akakiita baridi tu. Rebmann alipoandika habari hizo, wataalamu wengine wa Ulaya waliokuwa wameketi nyumbani kwao walikataa kuzisadiki. Walisema haiwezekani theluji kukaa katika nchi ya joto kama hiyo.

Wataalamu hao waliijua theluji lakini hawakuijua Afrika. Sisi twaijua Afrika lakini theluji hatuijui. Kosa ni lile lile: kuipima nchi ya mwenzako kwa pishi ya nchi yako. Kosa hilo likiwa katika vitabu vya jiografia, hasara yake si kubwa. Likiwa kati ya mzazi na mwanawe, laweza kuleta machozi.

Maandiko Matakatifu nayo hayakuisahau theluji. Nabii Isaya alilinganisha neno la Mungu na mvua na theluji, ambazo hushuka toka juu wala hazirudi bila kuinywesha ardhi. Vijana watatu waliotupwa katika tanuru ya moto kule Babeli, katika ule wimbo wao mrefu, waliialika baridi, barafu na theluji zimsifu Mungu. Walikuwa katikati ya ndimi za moto, nao hawakuvisahau viumbe vya baridi. Na katika sura ya mwisho ya kitabu cha Mithali twasoma habari za mwanamke hodari, ambaye theluji ikija haiogopi kwa ajili ya watu wa nyumba yake.

Hapo tusimame kidogo. Mama huyo alipata wapi amani yake? Maandiko yaeleza sababu: watu wa nyumba yake wote amekwisha kuwavika vizuri. Alifanya kazi usiku, akasokota, akafuma, akafikiri mapema siku mbaya kabla haijafika. Basi iko amani ya mtu asiyejua hatari, na iko amani ya mtu aliyejiweka tayari. Ya kwanza ni ya mtoto mchanga. Ya pili ndiyo inayomfaa mzazi Mkristu.

Yaliyotukia Buffalo Siku za Noeli

Tueleze sasa habari moja ya kweli, ili mzigo huu tuupime kwa ratili wala tusiukisie kwa macho.

Katika jimbo la New York, nchini Marekani, uko mji uitwao Buffalo, kando ya ziwa Erie. Ni mji uliowapokea wakimbizi wengi kutoka Myanmar, Somalia, Kongo na kwingineko, na kwa hiyo Kiswahili husikika katika mitaa yake. Watu wa huko wamezoea theluji tangu kuzaliwa. Upepo wa baridi kali unapovuka maji ya ziwa, ambayo bado yana uvuguvugu kidogo, huchukua unyevu mwingi, na ukifika nchi kavu huumwaga kuwa theluji. Ni kama vile upepo wa bahari uletavyo mvua kwetu, ila mvua yao haitiririki kwenda mtoni. Hukaa pale ilipoangukia, ikapanda siku hata siku, mpaka mlango haufunguki.

Siku ya Ijumaa, tarehe 23 Desemba 2022, ilianza dhoruba ambayo hata wazoefu hao iliwashinda. Wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wametoa onyo mapema. Lakini onyo ni kama sauti ya ngoma: alifahamu yule aliyefundishwa maana yake. Upepo ulivuma kwa nguvu ya kilometa zaidi ya 100 kwa saa. Kwa muda wa saa 37 theluji ilipeperushwa hata mtu asiweze kuona hatua chache mbele yake. Katika siku hizo chache ilianguka theluji ya kadiri ya sentimeta 130, yaani kifuani pa mtu mzima. Umeme ulikatika katika nyumba nyingi. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yalikwama njiani, na waliopiga simu kuomba msaada hawakufikiwa.

Walikufa watu zaidi ya 40 katika mji ule na wilaya yake. Wengine walikutwa ndani ya magari yao, wengine barabarani, wengine majumbani mwao palipokosekana moto. Wengine moyo uliwasimama walipokuwa wakiifukua theluji kwa sepetu. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo kijana mkimbizi kutoka Kongo, aliyetoka nje katika dhoruba ile asirudi tena. Fikirini, wapenzi wasomaji: kuponea mbali na vita, kisha kufa katika nchi ya amani, mkesha wa Noeli, kwa ajili ya kitu cheupe na laini kama usufi.

Lakini Mungu hakukosa watumishi wake katika usiku ule. Mtu mmoja gari lake lilikwama. Alibisha hodi nyumba baada ya nyumba, akaahidi hata fedha ili apewe nafasi ya kulala sakafuni, lakini hakufunguliwa. Hatimaye aliona shule iliyofungwa karibu na hapo, akavunja dirisha akaingia, kisha akatoka tena katika dhoruba kuwatafuta wengine waliokwama. Watu zaidi ya 20 walipona ndani ya shule ile. Walipoondoka aliacha barua ya kuomba radhi kwa kuvunja dirisha. Mwanamke mmoja alisikia kilio nje, akakuta mzee aliyepotea, mikono yake imeganda. Akamwingiza ndani, akayeyusha barafu iliyoshikamana na mikono ile kwa mashine ya kukaushia nywele, akamtunza kama baba yake, akaomba msaada kwa njia ya simu mpaka watu wakaja kumpeleka hospitali. Na wageni wa kutoka Korea, ambao gari lao lilikwama, walibisha mlango kuomba masepetu. Mume na mke wenye nyumba wakawaambia waingie, wakakaa nao siku zile za Noeli, wakala mezani pamoja.

Nani kati yetu atakayesoma habari hizo asimkumbuke Yosefu na Bikira Maria wakibisha milango ya Bethlehemu? Milango iliyofungwa ilikuwapo wakati ule, ilikuwapo Buffalo, nayo ipo hata Pwani. Na milango iliyofunguliwa, twasadiki, Bwana wetu ameiandika mmoja mmoja katika kitabu chake.

Joho la Mtakatifu Paulo

Tuingie sasa katika mafundisho. Tunaanza na Mtakatifu Paulo. Katika waraka wake wa pili kwa Timoteo, yule Mtume mkubwa, ambaye alikuwa kifungoni Roma na alijua kwamba mwisho wake umekaribia, aliandika mambo mazito ya imani. Kisha, karibu na mwisho wa waraka, aliomba joho. Alikuwa ameliacha Troa, nyumbani kwa mtu aitwaye Karpo; akamwagiza Timoteo alilete pamoja na vitabu. Tena akamsihi ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi.

Nyinyi wana wetu mlioko ugenini, tazameni unyenyekevu huo. Mtume aliyefika mbingu ya tatu hakuona haya kusema: nina baridi, nileteeni joho langu. Kwa nini nyinyi mwaona haya? Wengi wenu hutuma picha ya kicheko ili mama asihangaike, na huku mwavaa viatu vyenye matundu, mwalala katika chumba kisicho na moto. Twaelewa kwamba mwafanya hivyo kwa mapendo. Walakini mapendo yanayoficha ukweli humnyima mama nafasi ya kuwa mama. Semeni shida yenu. Semeni kwa wazazi, semeni kwa Padre wa parokia mnakosali, semeni kwa jirani wa mlango wa pili. Mtu asiyejulikana na jirani hata mmoja yumo hatarini, hata kabla theluji haijaanguka.

Tena msidharau maonyo ya wenyeji. Wakuu wa mji wakisema watu wasitoke, msitoke, hata kama kazi itapotea. Wekeni mapema chakula, maji na dawa za siku kadhaa. Nguo nyingi nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushinda moja nzito, na kichwa, mikono na miguu visiachwe wazi wala vyenye unyevu. Gari likikwama, hakikisheni bomba la moshi halikuzibwa na theluji kabla ya kuwasha injini, maana hewa yake ya sumu huua mtu usingizini. Kwa sababu hiyo hiyo msiwashe kamwe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Neno hili twawaambia hata ndugu zetu wa nyanda za baridi, wa Makete, Njombe na Lushoto: mkaa hauna harufu ya kumwamsha aliyelala. Kulinda uhai ni kuitii amri ya tano.

Na sisi wazazi je? Sisi tumeitwa kuwa Timoteo, yaani yule aliyeagizwa kuleta joho. Lakini mara nyingi, bila kujua, tumekuwa wenye kulichukua.

Tuseme wazi. Mwezi wa Desemba na wa Januari ndio mwezi ambao mtu aliye katika theluji huhitaji fedha zaidi: kodi ya nyumba haipungui, gharama ya kupasha nyumba moto hupanda, viatu na koti la baridi ni lazima. Na miezi hiyo hiyo ndiyo sisi huandika maombi yetu. Ada ya shule ya mdogo wake. Mabati ya nyumba ya mjomba. Mchango wa arusi. Rambirambi. Nguo za sikukuu. Kila ombi likisimama peke yake ni la haki. Yakijumlishwa pamoja huwa ni koti la mtoto. Simu zetu hulia pia bila hesabu ya saa. Wakati wa majira yao ya baridi, Buffalo huwa nyuma yetu kwa saa 8. Tukipiga saa nne asubuhi, kule ni saa nane ya usiku. Mtoto aliyerudi kazini amechoka huamshwa kuulizwa: mbona kimya?

Katika kitabu cha Kutoka, Mungu aliwaamuru Waisraeli kwamba mtu akichukua vazi la mwenzake kuwa rehani, alirudishe kabla jua halijatua, kwa kuwa ndilo analojifunika usiku. Na maskini huyo akilia, Mungu atamsikia. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya mkopeshaji na mdaiwa. Je, itampasa kidogo zaidi baba kwa mwanawe?

Mtu asitusikie vibaya. Hatusemi kwamba aliyeko ng'ambo asiwasaidie wazee wake. Amri ya nne ya Mungu yabaki palepale, na wako wana, kwa aibu yetu, waliokwisha kusahau hata kaburi la bibi yao, ijapokuwa wanaishi kwa raha. Hao nao watajibu mbele ya Mungu. Twasema tu kwamba haki hutangulia ombi. Kabla ya kuomba, uliza. Je, una koti? Je, chumba chako kina moto? Je, kazini wanakulipa kwa wakati? Nani jirani yako? Unasali wapi Jumapili? Katika miji mingine ya ng'ambo ziko jumuiya za Wakatoliki wa Afrika Mashariki wanaosali na kuimba kwa Kiswahili. Mwulize kama amezitafuta. Mzazi aulizaye maneno hayo kwa moyo mweupe, hata kama hana senti ya kutuma, amekwisha kumletea mwanawe joho.

Kila Mgeni Ana Theluji Yake

Liko fundisho jingine, nalo latuhusu hata sisi tusio na mtoto ng'ambo.

Zamani safari ilikuwa kwa upande wa pili. Mwaka 1868 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi yao Bagamoyo. Mwaka 1888 Wabenediktini kutoka Bavaria, nchi ya Ujerumani yenye theluji nyingi, walifika katika vilima vya Pugu, jirani na Kisarawe. Na Januari 1889, katika vita vya wakati ule, misioni yao ilishambuliwa na baadhi yao wakauawa. Hao wote waliiacha baridi, wakakutana na joto, homa ya malaria na lugha wasiyoijua. Makaburi ya Bagamoyo yaonyesha jinsi wengi wao walivyokufa wangali vijana. Lakini walioishi, waliishi kwa sababu mtu fulani wa nchi hii aliwaonyesha kisima, akawapa uji, akawafundisha kusema hodi na karibu. Majina ya watu hao wema hayakuandikwa katika vitabu. Mungu anayo.

Baadaye wana wetu nao wakaenda kwao. Mwalimu Julius Nyerere alikwenda kusoma Edinburgh, nchini Scotland, mwaka 1949, akarudi mwaka 1952, akafundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko pale pale Pugu. Na leo mapadre na masista wa Tanzania wahudumu Ulaya na Marekani, katika parokia zilizokuwa zikituma wamisionari kwetu. Kanisa ni mama mmoja. Watoto wake hubadilishana vyumba.

Mfano mkubwa kuliko yote tuupate kwa Mtakatifu Yozefina Bakhita. Alizaliwa Sudan, akatekwa na kuuzwa utumwani angali mtoto, akapelekwa Italia mwaka 1885, akabatizwa huko Venezia tarehe 9 Januari 1890, akawa sista wa Mtakatifu Magdalena wa Kanosa. Miaka mingi ya maisha yake aliishi Schio, mji ulio chini ya milima ya Alpi, ambako wakati wa baridi ni wa kweli. Hapo alipewa pia kazi ya kukaa mlangoni. Mtu aliyenyang'anywa nyumba yake akawa mwenye kuwafungulia wengine mlango wa nyumba. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, nasi twaadhimisha sikukuu yake siku hiyo, katikati ya majira ya baridi ya Ulaya. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2000. Yeye yafaa awe mwombezi wa kila Mwafrika aliye katika theluji.

Basi tujiulize: nani anakaa mlangoni Dutumi?

Maana kila mgeni ana theluji yake. Mwalimu kijana aliyezaliwa Njombe akapangiwa kazi Dutumi hakutani na theluji. Akutana na joto ambalo hakulizoea, mbu, malaria ya kwanza, na chumba cha kupanga kisicho na dirisha. Kwa wenyeji, joto ni kitu gani? Ni kanda la usufi. Muuguzi aliyeletwa zahanatini kutoka Kagera halijui soko, hajui nani wa kumwomba maji. Mfugaji aliyehama na ng'ombe wake kutoka mikoa ya mbali hufika akatazamwa kwa jicho baya, kwa kuwa mifugo na mashamba hugombana. Na kweli mashamba yana haki yake, na haki hiyo ifuatwe kwa utaratibu mbele ya wakuu wa kijiji. Lakini watoto wa mfugaji huyo hawakumkosea mtu, nao wakiugua usiku ni wagonjwa kama wetu. Na mto Ruvu unapofurika ghafula, aliyehamia jana hajui njia ya kukimbilia. Ni nani atakayempigia hodi?

Katika hili Wakristu wa Pwani wana walimu karibu. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika vijiji vyetu, wana desturi ya zamani ya kumkaribisha mgeni kabla ya kumwuliza dini yake. Itakuwa ni aibu kwa aliyebatizwa kushindwa katika jambo ambalo Bwana wetu alilifanya kuwa swali la hukumu ya mwisho. Kadiri ya Injili ya Mateo, siku ile hatutaulizwa tumeona nchi ngapi. Tutaulizwa kama tulimkaribisha aliyekuwa mgeni na kumvika aliyekuwa uchi.

Luka Mtakatifu, katika Matendo ya Mitume, asimulia kwamba Paulo na wenzake walipovunjikiwa meli kisiwani Malta, wenyeji waliwatendea wema usio wa kawaida: waliwasha moto, wakawakaribisha wote, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha na ilikuwa baridi. Watu wale hawakuwa bado Wakristu. Hawakujua kwamba wamempa moto Mtume wa Mataifa. Waliona watu waliolowa, basi wakakusanya kuni.

Ongezeni na habari hii ya karibu na siku zetu. Mwaka 1998, katika michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alishindana katika mbio za kuteleza juu ya theluji, ijapokuwa aliiona theluji kwa mara ya kwanza miaka miwili tu kabla ya hapo. Alifika wa mwisho kabisa. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amekwisha kumaliza zamani, lakini alisimama palepale penye baridi akamngoja, akamkumbatia alipofika. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la mtu huyo. Tendo la dakika chache huweza kukaa katika ukoo mzima.

Mambo Matatu ya Kutenda

Ili maneno haya yasipotee hewani, twashauri kila familia ya Kikatoliki ifanye mambo matatu kabla ya Noeli.

La kwanza: mwenye mtu ng'ambo ampigie simu kwa saa inayomfaa yule aliyeko huko, na simu hiyo isiwe na ombi lolote la fedha. Iwe ya kuuliza hali, ya kusikiliza na ya kumbariki. Akisita kusema, msimharakishe. Aliyezoea kucheka katika picha huchukua muda kulia katika simu.

La pili: familia imtafute mgeni mmoja wa kijiji au mtaa wake, awe mwalimu, kibarua, mpangaji au mfugaji, ale nao siku ya Noeli. Hakuna haja ya pilau. Moto wa Malta ulikuwa wa kuni za kuokota.

La tatu: katika Rozari ya jioni, fungu moja litolewe kwa ajili ya wote walio katika baridi ya ugenini, na kwa ajili ya waliokufa humo bila ndugu wa kuwafumba macho.

Wapenzi wasomaji, Mwana wa Mungu mwenyewe aliondoka kwa Baba yake akaja ugenini kwetu. Alizaliwa usiku, nje ya nyumba ya wageni. Na kitu cha kwanza ambacho Mtakatifu Luka asimulia kwamba Mama yake alimtendea ni kumvika: alimviringisha nguo za kitoto, kisha akamlaza. Mzigo wa dhambi zetu, tulipoutazama sisi, ulionekana usufi. Yeye aliuchukua mabegani, akajua uzito wake mpaka Kalvari. Hakutuambia kwamba ni mwepesi. Alikuja akaushika upande wa pili.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Bikira Maria, Mama wa wasafiri, awafunike kwa joho lake wana wetu wote walioko mbali, awarudishe salama, na atufundishe sisi tuliobaki nyumbani kufungua mlango kabla hodi haijapigwa mara ya tatu.

Noeli njema kwenu nyote.